Programu ya Kuandikia na Haki Saba za Jirani

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, alifika kwangu Kibiti Jumamosi moja asubuhi, amebeba kompyuta iliyofungwa ndani ya kanga mbili kama mtoto mchanga. Aliiweka juu ya meza yangu ya vitabu, akaunganisha nyaya, akafuta vumbi la safari kwa upindo wa mtandio wake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Baba, tukuwekee programu gani ya kuandikia?"

Nilidhani kompyuta huja na uandishi wake ndani, kama redio inavyokuja na sauti. Kumbe sivyo. Akanieleza kwa upole kwamba zipo za namna nyingi, na kwamba yeye amekuja na tatu ili nizijaribu na kuchagua mwenyewe. "Wewe ndiye utakayeandika," alisema. "Mtu mwingine akikuchagulia utaikasirikia mpaka uiache."

Msomaji wangu, wewe unanifahamu. Mimi ni mtu wa kalamu na daftari, na miaka yangu ni mingi, namshukuru Mungu kwa kila mmoja. Sikuitaka kompyuta kwa ajili ya kuandika barua wala hotuba. Niliitaka kwa kazi moja tu, kunakili kitabu cha Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kabla karatasi zake hazijaisha mikononi mwangu. Kila nikikifungua, vipande vidogo vya pembeni hubaki kwenye kanzu. Nayo ndiyo nakala pekee iliyosalia duniani, kwa kadiri ninavyojua. Nimeulizia Chumbi, nimeulizia Mbwara, nimeulizia kwa kila aliyepata kuishi kule visiwani kwetu deltani. Nyingine zililiwa na mchwa, nyingine zilichukuliwa na maji.

Na nakala hii ina upungufu ambao ni watu wawili tu tuliobaki tunaoujua. Nitakwambia, lakini kwanza nikupeleke kule.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye kisiwa cha delta, mikoko mbele na mashamba ya mpunga nyuma. Maji yalikuja na kuondoka mara mbili kwa siku, nasi tulipanga maisha yetu kwa hayo. Kupwa kulikuwa na harufu ya tope na kaa, kujaa kulikuwa na sauti ya mitumbwi ikigongana kwenye nguzo. Nyumba zilikuwa za miti ya mikandaa na udongo. Asubuhi ungesikia bibi akikuna nazi, na ungejua kwa mwendo wa mbuzi yake kama kuna uji wa mchele au kama nazi ile ni ya mchuzi wa kamba, na kwamba basi mpaka mchana utakula kiporo.

Chuo kilikuwa barazani kwa Mwalimu. Tulikaa juu ya majamvi ya ukindu, kila mtoto na ubao wake, tukisoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, na Mwalimu akisikia kosa la mmoja katikati ya sauti za thelathini. Wino tuliutengeneza wenyewe. Tulikwangua masizi kwenye vyungu, tukayaponda na utomvu wa mkorosho, tukaongeza maji kidogo kidogo. Ukizidisha maji, herufi zilikuwa na rangi ya chai. Ukiyapunguza, kalamu ya tete ilivuta kama mguu topeni. Bibi alikuwa akisema kwamba mimi ninarudi chuoni na wino mwingi usoni kuliko kwenye ubao.

Mwalimu alikuwa na kitabu alichokitunga mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika. Hakikuwa kikubwa. Kilieleza mambo ambayo mtu wa delta anayahitaji ili aishi na wenzake na afe vizuri: namna ya kutawadha kwa maji ya chumvi, namna ya kumwosha maiti aliyekutwa majini, namna ya kugawana samaki waliovuliwa kwa wavu wa shirika, adabu za kuingia nyumba ya watu. Na ulikuwepo mlango mmoja, yaani sura, unaoitwa Haki za Jirani. Ulianza hivi: haki za jirani ni saba.

Desturi yake ilikuwa kwamba mtoto aliyehitimu Kurani hakupewa zawadi wala hakufanyiwa karamu mpaka akinakili kitabu kile kwa mkono wake. Na kunakili hakukutosha. Ilibidi nakala isomewe. Aliyenakili alisoma nakala yake kwa sauti, na mwenzake alifuata ndani ya kitabu cha Mwalimu kwa njiti ya ukuti, neno kwa neno, ili kisizidi kitu wala kisipungue. Yakionekana makosa, yaliandikwa pembeni, hayakufutwa. Mwisho Mwalimu aliandika jina lake chini, kushuhudia kwamba nakala imetimia.

Nilipohitimu nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa wakati wa kuwinga ndege, mpunga umeanza kushika. Familia zote zilihamia mashambani, zikaishi kwenye madungu, vile vijumba vya juu ya nguzo ambamo ulikaa ukipiga kelele na kuvuta kamba zilizofungwa madebe mpaka koo na mikono vichoke pamoja. Mwalimu aliniruhusu kwenda na kitabu dunguni. Nilinakili ndege wakipumzika. Bibi alinipandishia mihogo ya kuchemsha na asali ya mikokoni kwenye kifuu, nami nilikuwa mtoto, nilikula kwa mkono uleule uliofungua kurasa.

Umeshajua kilichotokea. Kurasa mbili zilishikana, na mimi sikuona. Nilinakili haki ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikafungua, nikaendelea na ya sita na ya saba, macho yangu yakiwa kwa ndege. Sikuzihesabu.

Siku ya kusomewa ilikuja wakati wa pepeta, yaani ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ungali moto. Kijiji kizima kilikuwa kinatwanga. Ukisikia vinu vinne vinapishana namna ile, miguu haitulii. Mwalimu akaitwa ng'ambo kwenda kuosha maiti. Kabla ya kupanda mtumbwi akatuita mimi na binamu yangu, binti wa mjomba, aliyekuwa msomaji hodari kuliko mimi ingawa nilimzidi mwaka mmoja. "Someaneni," akasema. "Nimewaachia amana."

Tukakaa barazani peke yetu. Nikasoma mbio, binamu akifuata kwa njiti. Tulipofika Haki za Jirani njiti ikasimama. Akazibandua zile kurasa, zikaachana kwa mlio mdogo. Ndani mlikuwa na ukurasa uliojaa maandishi.

"Umeruka," alisema.

"Nitauandika kesho."

"Kesho gani? Andika sasa, nakungoja."

"Pepeta itaisha. Nimekwambia kesho."

Akanitazama, kisha akatazama nje kwenye vinu. Alikuwa mtoto kama mimi. Akaifunua karatasi nyingine, tukaendelea.

Mwalimu aliporudi alasiri, nguo zake zikiwa bado na harufu ya kafuri, akatuuliza kama tumemaliza. Tukajibu kwa sauti moja: "Tumemaliza, Mwalimu." Akachovya kalamu, akaandika jina lake chini ya nakala yangu.

Kesho ile iliendelea mpaka masika yaliyofuata. Kulikuwa na kuvuna, kukawa na kupura, kukawa na kwenda kukata majani ya kuezekea. Kila nilipokutana na binamu alinirushia neno moja tu, "Mwizi wa ukurasa!" nami nilimkimbiza tukicheka. Kisha mto ukaja. Maji yalipanda kwa siku tatu bila kelele, na siku ya tatu nyumba ya Mwalimu ililala ubavu na sanduku lake la vitabu likaondoka. Watu wote walinusurika, namshukuru Mungu. Tukiwa tumekaa kwenye kichuguu kikubwa, maji pande zote, Mwalimu alinishika bega akasema: "Alhamdulillahi, kitabu kipo kwako. Kimesomewa."

Sikumwambia. Binamu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu, naye hakusema. Mwalimu aliishi miaka mingine mingi bara, macho yake yakipungua, akiamini hivyo, na alipofariki mimi nilikuwa masomoni mbali. Nimeomba msamaha kwa Mola wangu zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Lakini ukurasa hauandikwi kwa istighfari peke yake.

Ndiyo maana, mkwe wangu aliponiuliza nataka programu gani, nilimwambia tumngoje mtu kwanza. Nilimtuma mwanangu mmoja aende Mbwara akamlete binamu, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi na macho yake yameingia ukungu. Kama kulikuwa na mtu ambaye jicho lake liliwahi kupita juu ya ukurasa ule, ni yeye.

Alifika Jumapili, na kabla hata hajaketi akasema: "Hiyo mashine imeandika ukurasa wangu, au na yenyewe inasema kesho?"

"Salamu kwanza, binamu."

"Salamu zako zimo kwenye ukurasa. Niletee ukurasa nitazipokea."

Mke wangu akacheka mpaka akaweka chini sahani ya vitumbua. Mkwe wangu hakuelewa, ikabidi tumsimulie. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti, akaanza kunijaribishia programu kwa uzito mpya, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa ni nani.

Ya kwanza ndiyo inayotumika maofisini. Ni nzuri kuitazama, imejaa vitufe kama duka la shanga. Niliandika kwa herufi za kawaida mistari mitano ya mwanzo, ikanichorea mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba Kiswahili chote ni kosa. Hilo ningelivumilia. Mkwe aliizima mistari ile kwa kubonyeza mahali. Tukaenda kwenye Haki za Jirani. Nikaandika moja, nikaeleza haki ya kwanza: mpelekee mchuzi ikiwa moshi wa jiko lako umemfikia. Nikashuka mstari, na programu ikaniandikia mbili yenyewe. Nikafurahi. Mbili, ukiugua ukuta wake, yaani akiugua mtu ndani, uwe wa kwanza kubisha. Tatu, mrudishie kuku wake bila maneno. Nikashuka tena, nikaandika haki ya sita kama ilivyo kwenye nakala yangu, jirani akifa ni juu yako kuchota maji ya kumwoshea. Programu ikaweka nne. Na ya saba, kutotoa nje siri uliyoisikia kupitia ukuta, ikaweka tano.

Nilitoa mikono yangu kwenye kibodi.

Pale kwenye kioo palikuwa na haki tano zilizopangwa vizuri, moja hadi tano, bila pengo. Ilibaki kubadili neno moja tu juu, badala ya saba niandike tano, na hakuna kiumbe nje ya chumba kile ambaye angejua. Wajukuu wangu wangezisoma, nao wangewasomesha wengine. Nakwambia kweli, moyo wangu ulipumzika kidogo kwa wazo lile, kama mtu aliyetua mzigo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Imesemaje?" binamu akauliza, maana hakuona.

Nikamsomea.

"Hee! Kompyuta nayo imekula pepeta," alisema. Lakini hakucheka.

Mkwe wangu akaeleza kwamba kuhesabu kule kunaweza kuzimwa, ila mara nyingine kunarudi kwenyewe. Nikamwambia tuone nyingine.

Ya pili haikai ndani ya kompyuta, inakaa mtandaoni. Mkwe aliisifu kwa kuwa mwanangu aliyeko Dar es Salaam angeweza kusoma nikiwa bado naandika. Tukaiwashia bando la simu yake. Niliandika sentensi mbili, bando likaisha, na kwenye kioo kikabaki kiduara kinachozunguka. Tulisubiri, mke wangu akaleta chai, tukanywa, kiduara kikazunguka. Nikasema huyu ni mgeni mwenye adabu lakini nyumba yake iko mbali.

Ya tatu ilikuwa ya bure na haina mapambo. Mwanzoni herufi za Kiarabu zilitoka vijisanduku vitupu, mkwe akahangaika nayo mpaka baada ya adhuhuri, akapakia seti nyingine ya herufi. Niliporudi kutoka msikitini nikazikuta zinasimama sawasawa, zinaanzia kulia, na hata zile tulizoziongezea nukta wenyewe kwa sauti za Kiswahili zilikuwepo. Tukagawa ukurasa pande mbili: kulia maandishi ya Mwalimu, kushoto Kiswahili cha herufi za shule kwa ajili ya watoto. Nikaandika haki ya tatu. Nikashuka. Haikuweka kitu. Ilikaa, kile kijistari kikiwaka na kuzima, ikingoja niseme mimi.

"Hii," nikasema.

Kwa siku sita tulifanya kazi baada ya alasiri. Niliandika, kisha nikamsomea binamu, naye alisikiliza amefumba macho. Nilishangaa ni kiasi gani alikuwa nacho kifuani. Mara tatu alinisimamisha: "Rudi. Hapo Mwalimu hakusema hivyo." Nikitazama nakala, kweli, ni mimi niliyeteleza. Haki za Jirani tuliziacha mwisho, bila kuambiana kwamba tunaziogopa.

Siku ya sita nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo ndipo nilipokuwa nimeruka. Barabarani basi la Lindi lilipita na honi yake, kisha pakatulia.

"Ya nne," binamu akaanza polepole, kidole chake kikitembea juu ya goti kama njiti. "Ya nne, ukiwa na mtumbwi... usivuke peke yako. Usivuke kabla hujapiga ukelele mara tatu, kwa kuwa hujui nani ana haja ng'ambo." Akafungua macho. "Ndiyo. Mara tatu. Ilikuwa juu kabisa, mstari wa kwanza."

Niliandika. Kumbe ndiyo maana wazee wetu wote walikuwa wakipiga ukelele pwani kabla ya kusukuma mtumbwi! Nami nilikuwa nikidhani ni mazoea tu.

"Na ya tano?"

Kidole chake kilishuka gotini, kikasimama. Mkwe wangu akaacha kupepeta mchele uani akaja kusimama mlangoni.

"Ya tano ilikuwa chini yake," binamu alisema. "Ilikuwa ndefu. Niliona neno mlango. Au mlangoni." Akatikisa kichwa. "Siipati. Niliangalia vinu."

Mkwe akasema kwa heshima: "Mama, haki za jirani zimo katika vitabu vingi. Naweza kutafuta kwenye simu, tukapata inayofanana."

"Vingi vipo, mwanangu, na ni vya kweli," nikamjibu. "Lakini hiki ni cha Mwalimu."

"Basi nikutungie mimi?" binamu akaniuliza. "Sauti yake naijua. Hata wewe hutatambua."

Alisema kama utani, ila nilisikia kwamba anauliza kweli. Alikuwa amechoka kubeba jambo lile, kama mimi. Nikamtazama yule mtoto wa mjomba, mtu pekee duniani aliyesalia wa baraza lile, na nikaona kwamba kama ningekubali, tungefutana machozi, na tungekuwa tumemwambia Mwalimu kwa mara ya pili kwamba tumemaliza.

"Hapana, binamu."

"Haya," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Ahsante."

Nikaandika ya tano, nukta mbili. Kisha nikabonyeza kitufe cha kushuka mstari, mara nyingi, mpaka nafasi nyeupe ikatosha ukurasa. Chini yake nikaandika kwa herufi ndogo: Hapa pana upungufu. Umetokana na aliyenakili na aliyesomewa, haukutoka kwa Mwalimu. Nikamsomea binamu. Akaniambia nitoe jina lake, kisha akakumbuka kwamba hakuna jina la mtu, akaniambia niache.

Tumekwisha kuchapa nakala kumi. Msikitini wananiuliza kwa nini nimepoteza karatasi nyeupe namna ile, na mimi nawaeleza, kila mara, na kila mara uso wangu unapata joto. Ni kheri.

Nilifika kule visiwani mwaka jana kwa boti. Mikoko imesogea mpaka yalipokuwa mashamba yetu, na mahali pa baraza pana maji ya kujaa na kupwa. Hakuna kinu, hakuna dungu, na anayevuka siku hizi anawasha injini akaenda zake. Majirani ambao Mwalimu aliandika haki zao wametawanyika Ikwiriri, Kibiti, Dar es Salaam, na wengi wao wako ardhini. Nimewakumbuka mmoja mmoja kwa nyumba zao: jirani wa upande wa kibla aliyetuazima kinu chake, jirani mvuvi wa kaa aliyekohoa usiku kucha, mama wa pacha aliyekuwa akija kuomba kaa la moto kila alfajiri na bibi akimfungulia mlango kabla hajabisha.

Walikuwa na haki kwangu ambayo siijui ni ipi. Namwomba Mwenyezi Mungu iwe kwamba, siku moja katika utoto wangu, niliwatimizia bila kujua.